Soda ya Bibi na Chupa za Pembe Nne

Chapchap hakuwa mtu wa kusubiri chai ipoe. Aliinywa ikiwa moto, akaungua ulimi, kisha akakilaumu kikombe. Jina lake la kuzaliwa lilishasahaulika. Mtaa mzima ulimwita Chapchap, naye aliitika bila kinyongo.

Alikuwa akishona sare za shule. Cherehani yake ilikaa barazani, na kutwa nzima ilipiga kelele. Nyuma ya nyumba ilikuwa karakana ya mume wake. Mume alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mpole, mwenye mikono mikubwa. Watu walimwita Fundi tu. Ndani alikaa mama yake Fundi. Huyo aliitwa Bibi na wote, wakubwa kwa wadogo.

Bibi alikuwa na kinywaji chake. Aliloweka ukwaju kwenye chungu. Akatwanga tangawizi pamoja na maganda yake, akatia sukari, akafunika chungu kwa kitambaa cheupe. Kesho yake kinywaji kilikuwa kinatoa mapovu. Siku hiyo hiyo kilinywewa kikaisha. Kilikwaruza koo kwa utamu, ndiyo maana nyumba nzima ilikiita kikereketo. Bibi alifundishwa na mama yake, na mama yake alifundishwa na mama yake.

Waliokuja kuchukua sare walipewa glasi moja moja. Baada ya muda wengine walikuja bila hata kuwa na sare ya kuchukua. Walikaa tu barazani wakitazama mlango wa jikoni.

Chapchap aliliona hilo, akakosa raha.

"Mama," alimwambia Bibi, "tukitie kikereketo kwenye chupa, tukiuze."

"Kikereketo ni cha chungu," Bibi akajibu. "Anayekitaka aje anywe hapa."

"Mtaa mzima hautoshi hapa, mama. Nenda dukani ukaone. Soda zimejaa rafu, nyekundu, kijani, za kila rangi. Ya kwetu haimo hata moja. Wajukuu zako watadhani sisi hatukuwahi kunywa kitu."

Maneno hayo yalimwingia Bibi. Aliendelea kuchambua ukwaju.

"Haya," akasema mwishowe. "Lakini usikichemshe. Kikichemshwa kinakufa."

Chapchap alikuwa ameshasimama. Kibali alikisikia, mengine aliyasikilizia njiani.

Kwa muuza chupa alizikuta chupa za pembe nne. Zamani zilikuwa za mafuta ya kula. Zilikuwa nzuri, safi, zinakaa vizuri kwenye kreti bila kugongana. Akazichukua. Nyumbani alizijaza kikereketo, akaongeza sukari katika kila chupa ili mapovu yawe mengi zaidi. Akazikaza vifuniko kwa nguvu zote. Kisha akazisukuma chini ya kitanda cha Bibi, maana chumba hicho kilikuwa na joto kuliko vyote.

"Joto litakichangamsha," alimwambia mume wake.

"Nani kakwambia?" Fundi akauliza.

"Si linaonekana tu."

Fundi hakubisha. Alikuwa na geti la watu la kumaliza.

Chupa za kwanza zilinunuliwa upesi. Kreti moja ilikwenda kwa mwenye duka wa kona. Nyingine alichukua mwalimu mkuu wa shule ya msingi, kwa ajili ya siku ya wazazi. Watoto wa madarasa ya chini wangekunywa kwanza, wazazi baadaye. Chapchap alijiona ameshakuwa kampuni. Alianza hata kutembea kama mtu mwenye kampuni.

Siku ya wazazi ilipofika, jua lilikuwa kali. Bibi alikuwa amejilaza. Akaamka, akachukua ndoo, akatoka uani kuanua nguo.

Nyuma yake kitu kikalipuka.

Fundi alitupa nyundo akakimbilia mitungi yake ya gesi. Mitungi ilikuwa salama. Chapchap aliacha cherehani na sindano ikiwa katikati ya kola. Wakakutana mlangoni kwa Bibi. Vipande vya kioo vilikuwa vimepenya chini ya kitanda vikatokea juu. Kimoja kilikuwa kimesimama kwenye godoro, pale pale Bibi alipokuwa ameweka miguu yake.

"Nimetoka humo sasa hivi," Bibi alisema. Ndoo ilikuwa bado mkononi.

Chapchap akataka kuingia aziburute kreti nje. Fundi akamshika mkono. Hapo chupa ya pili ikapasuka, na kioo kikagonga ukuta.

Chapchap aliogopa. Hakuwahi kuogopa hivyo tangu azaliwe.

Jirani wa ng'ambo ya pili alisikia. Alikuwa mwanamke mrefu, mfanyakazi wa maabara katika kiwanda cha vinywaji. Hata chumvi ya mchuzi aliipima, na kwa hiyo mtaa ulimpa jina la Mama Kipimo. Siku hiyo alikuwa mapumzikoni. Alivuka barabara na sabuni ikiwa bado mikononi.

"Tokeni mlangoni," alisema. "Wote. Fungeni mlango huo."

Wakaufunga. Mama Kipimo akamgeukia Chapchap.

"Ni kile cha Bibi? Umekitia kwenye chupa?"

"Ndiyo."

"Kikiwa kinatoa mapovu?"

"Ndiyo. Na sukari nikaongeza."

Mama Kipimo alifumba macho kidogo. "Nani mwingine anazo?"

"Duka la kona," Chapchap akasema. Kisha sauti ikamtoka nyembamba. "Na shule. Leo ni siku ya wazazi."

"Mpigie mwalimu sasa hivi."

Simu ya mwalimu mkuu iliita, ikaita, haikupokelewa. Alikuwa mbele ya wazazi wa wanafunzi, na simu ameizima sauti.

"Basi nendeni," Mama Kipimo alisema. "Lakini si hivyo mlivyo. Fundi, una barakoa ngapi za kuchomelea?"

"Mbili. Na glavu za ngozi."

"Vaeni. Vaeni na aproni. Chukueni lile sanduku lako la chuma la vifaa, toeni nyundo zote, mtie barafu. Chukueni na blanketi zito, lilowesheni. Mkifika, watu kwanza. Watu wote watoke. Kisha funikeni chupa kwa blanketi, ndipo mzishike. Msizitikise. Msizifungue. Na mkirudi nazo, tembeeni polepole. Umenisikia, Chapchap? Polepole. Hili duka la kona niachieni. Nitamwambia mwenyewe akae mbali nazo mpaka mrudi."

Walikwenda mbio. Watoto wa mtaani waliwaona wale wawili wenye vinyago vyeusi wakakimbilia kwa mama zao. Mtu mmoja aliuliza wanakwenda kumchomelea nani. Siku nyingine Chapchap angemjibu akajuta kuuliza. Leo hakumsikia. Alikuwa akiliona godoro la Bibi, na juu yake akiwaona watoto ambao sare zao alizishona mwenyewe. Alijua mabega yao. Alijua nani mkono wake mrefu kuliko mwenzake.

Ukumbi wa shule ulijaa. Wadogo walikaa sakafuni, mbele kabisa. Kreti ilikuwa juu ya meza, karibu na dirisha, na jua lilikuwa limeipiga asubuhi yote. Mwalimu mkuu alikuwa anahutubia.

Chapchap aliinua barakoa.

"Mwalimu, samahani. Naomba watoto watoke."

Ukumbi ukacheka. Mwalimu mkuu akatabasamu. "Chapchap, hata leo? Tumalize basi hotuba."

"Hapana," alisema. "Nimekosea. Zile chupa zangu zinapasuka. Moja nusura imuue mama mkwe. Watoe watoto, nakuomba."

Hakuna aliyecheka tena. Walimu waliwasimamisha watoto wakawatoa kwa mlango wa nyuma. Wazazi wakafuata. Fundi akatupa blanketi lililolowa juu ya kreti. Mstari wa mwisho wa watoto ulikuwa haujafika katikati ya uwanja, blanketi likaruka. Chini yake kitu kilipiga kishindo kizito, na maji ya rangi ya ukwaju yakaanza kuchuruzika mezani.

Wazazi wote waliona kupitia madirishani.

"Alitaka kutuulia watoto," mama mmoja alisema.

Chapchap alimsikia. Alizihamisha chupa moja moja, akazilaza kwenye barafu, akafunika sanduku. Kisha akashika upande wake na mume wake akashika upande wa pili, wakarudi mtaani polepole. Miguu yake ilitaka kukimbia. Kila aliposikia barafu ikitetereka, alisimama mpaka itulie. Njia hiyo aliipita kila siku, na haikuwahi kuwa ndefu namna hiyo.

Dukani walikuta Mama Kipimo amesimama mlangoni kama askari, na mwenye duka amesimama ng'ambo ya barabara, anajitazamia duka lake kwa mbali. Wakazichukua na hizo, kisha na zilizobaki chini ya kitanda cha Bibi. Zilipopoa sana, Mama Kipimo alivaa barakoa, akazifungua moja moja chini ya taulo nene, akazimwaga. Aliyekuwa ameshanunua alifuatwa kwake, akarudishiwa hela zake.

Baada ya hapo Chapchap alikuwa mtu wa kukaa na kusimama. Alishona akafumua. Asubuhi alisema hataki tena kusikia neno kikereketo. Kabla ya chakula cha mchana alisema ataanza upya kesho. Akitoka barazani, aliona watu wakivuka kwenda upande wa pili wa barabara. Neno la yule mama lilimkaa kooni.

Mama Kipimo alikuja jioni moja akiwa na begi lake la kazini. Bibi alikuwa jikoni. Hakuwa na furaha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kuniambia kinywaji cha mama yangu ni bomu?"

"Hapana, mama. Chungu chako hakina kosa lolote. Kosa ni kifuniko."

Bibi akamsogezea kigoda.

"Kwenye ganda la tangawizi kuna chachu," Mama Kipimo akaeleza. "Ni vijidudu vidogo sana, macho hayavioni. Vinakula sukari, vinatoa hewa. Hiyo hewa ndiyo mapovu. Kwenye chungu chako hewa inapita kwenye kitambaa, inakwenda zake. Kwenye chupa iliyofungwa itapita wapi?"

"Haina pa kupita," Fundi akasema.

"Haina. Vijidudu vinaendelea kula. Chapchap akavipa sukari zaidi, akavitafutia na chumba cha joto. Vilikuwa harusini."

Chapchap alitazama sakafu.

"Na chupa ya pembe nne haikutengenezwa kubeba hewa," Mama Kipimo akaendelea. "Chupa ya duara hewa inaisukuma sawasawa pande zote. Hii inasukumwa ubavuni, inataka kuvimba. Kioo hakijui kuvimba. Kinapasuka. Halafu kuna jingine. Chachu haitoi hewa peke yake, inatoa na kilevi. Kwa siku moja ni kidogo sana. Kwenye chupa iliyokaa kwenye joto kinaongezeka, na ninyi mlikuwa mnawapa watoto wa darasa la kwanza."

Hilo Chapchap hakuwa amelijua. Machozi yalimtoka bila kuaga.

"Basi niache," alisema.

"Sikusema uache. Nimekuja kukufundisha. Lakini ukinikimbiza, naondoka."

Wakaanza. Mama Kipimo alisema ukwaju na sukari vichemshwe, kwa sababu moto unaua chachu. Mapovu yatatiwa baadaye, kwa gesi.

"Gesi?" Fundi akachangamka. "Si nina mtungi karakana? Gesi ya kuchomelea, kaboni dioksidi, ni ile ile ya soda. Nimesoma kwenye lebo."

"Jina ni moja, usafi ni mbali mbali," Mama Kipimo akamwambia. "Mtungi wa karakana haukusafishwa kwa ajili ya tumbo la mtu. Unaweza kuwa na mafuta, kutu, na mengine usiyoyajua. Gesi ya vinywaji ina mtungi wake na muuzaji wake. Ila ninakuhitaji. Kusoma geji ya mgandamizo wa gesi unajua kuliko mimi."

Fundi alitabasamu siku mbili.

Kazi ilikuwa kumridhisha Bibi. Chapchap alichemsha ukwaju na tangawizi pamoja, akapooza, akamletea. Bibi alionja akasukuma glasi.

"Hii ni dawa ya kikohozi."

Akarudia kwa tangawizi zaidi. Bibi akasema inachoma, haikwaruzi. Akarudia kwa sukari kidogo. Bibi akasema ni uji wa mgonjwa. Chapchap alitupa mwiko kwenye karai.

"Mama, hukitaki tu kilichochemshwa!"

"Nimesema kimekufa, na kimekufa kweli," Bibi akajibu taratibu. "Harufu imekwenda. Ulipokuwa unachemsha, nyumba nzima ilinukia tangawizi. Sasa kama harufu imo nyumbani, kwenye sufuria kumebaki nini?"

Mama Kipimo aliinua kichwa. "Hilo ni kweli kabisa. Tangawizi ikichemka muda mrefu, harufu yake inatoka na mvuke. Mama, wewe ungefanyaje?"

"Ningeitia mwisho. Nikafunika."

Wakafanya hivyo. Ukwaju na sukari vilichemka vizuri kwanza. Juisi ya tangawizi ikatiwa mwisho kabisa, sufuria bado inatokota. Ikafunikwa ichemke kidogo, kiasi cha kuua chachu, harufu isipate pa kwenda. Kisha sufuria ikatiwa kwenye maji ya barafu na mfuniko wake.

Hapo ndipo Chapchap alipopata mtihani. Kinywaji kilitakiwa kipoe sana kabla ya kutiwa gesi. Maji ya baridi yanaishika gesi, ya vuguvugu yanaitema. Alilizunguka friji mpaka Bibi akamwambia akae, anamtia kizunguzungu. Alikaa. Akasimama. Akakaa tena. Lakini hakulifungua. Fundi alipotia gesi kwenye pipa la chuma, jicho likiwa kwenye geji, kinywaji kiliipokea vizuri.

Bibi alionja. Akaonja tena.

"Tia chumvi," alisema. "Ncha ya kidole tu. Mama alikuwa anatia, mimi nilikuwa naona uvivu."

Hivyo ndivyo soda yao ilivyopatikana. Mengine yalikuwa ya kufuata taratibu, na Chapchap aliyafuata huku akiuma meno. Fundi alijenga chumba kidogo cha kazi mbali na vyumba vya kulala, chenye wavu madirishani na ukuta wa kuoshwa. Walinunua chupa za duara zilizotengenezwa kwa soda, na vizibo vipya. Walipeleka sampuli kwenye ofisi ya ukaguzi wa vyakula. Mkaguzi alikuja, akawaambia sinki la kunawia mikono liwe peke yake. Wakaliweka. Akarudi, akawapa kibali. Kila chupa ilibandikwa karatasi: kilichomo ndani, tarehe, na maneno "Weka kwenye friji".

Tena kila walipopika, walijaza chupa moja ya plastiki wakaiacha nje ya friji, ndani ya sanduku la chuma. Kila siku Chapchap aliiminya kwa kidole gumba. Ikizidi kuwa ngumu, maana yake kuna chachu iliyoponyoka, na pishi lote haliuzwi. Ilitokea safari moja. Mwiko haukuoshwa vizuri. Pishi zima lilirudishwa baridini, likafunguliwa chini ya taulo, likamwagwa, na Chapchap hakusema neno. Bibi ndiye aliyesema, na yaliyosemwa hayaandikiki.

Lakini mtaani hakuna aliyenunua. Mwenye duka alizitazama chupa mpya, akazisifu, akasema rafu imejaa. Rafu ilikuwa wazi, vumbi linaonekana. Kinyozi alisema atakuja kesho. Kreti zilikaa kwenye friji. Chapchap aliwaeleza watu habari za chachu, za gesi, za kibali. Walimsikiliza kwa adabu, wakaondoka. Alianza kuamini kwamba kinywaji kimepona lakini jina lao limekufa. Na jina hilo halikuwa lake peke yake. Lilikuwa la Bibi na mama yake Bibi.

Siku moja mwalimu mkuu alisimama barazani. Chapchap alidhani amefuata sare.

"Nataka kreti mbili," alisema mwalimu. "Tuna kikao cha wazazi."

Cherehani ikanyamaza.

"Mwalimu, usinihurumie. Wazazi wataondoka wakiziona."

"Wazazi ndio walionituma. Unamkumbuka yule mama aliyesema unataka kutuulia watoto?"

"Namkumbuka kila siku."

"Yeye ndiye aliyesimama. Tulikuwa tunabishana tununue soda gani. Akasema hizi nyingine zote hajui anayezitengeneza ni nani wala anakaa wapi. Akasema, nunueni ya Chapchap. Ile ikiwa na kasoro, mwenyewe anakuja mbio kuwanyang'anya watoto wetu chupa kabla hawajaumia."

Chapchap aliweka mkasi mezani. Akasimama, akakaa, akasimama tena. Ikabidi Bibi aende kwenye friji.